Bili Iliyokuja Baada ya Amina: Dada wa Tabata na Kitabu Chake cha Kwanza

Nakala 1,000. Keki yenye umbo la kitabu, wanakwaya na sare mpya za kitenge, MC mwenye suti ya zambarau, na deni la kikoba la milioni 3. Hivyo ndivyo dada mmoja wa Tabata alivyoingia rasmi kwenye uandishi wa vitabu vya Kikristo. Kama ulikuwa Dar kipindi kile na una ndugu mlokole hata mmoja kwenye simu yako, picha za ule uzinduzi ulizipitia kwenye stetasi. Jina linawekwa pembeni, la kanisa pia. Wanaojua wanajua. Wasiojua hawapungukiwi kitu, maana mjini hapa watu waliotoa kitabu cha kiroho wakabaki na maboksi chini ya kitanda ni wengi kuliko wanaosema.

Dada mwenyewe ana miaka 27, aliishia kidato cha nne, mchana yuko kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu na jioni anaimba kwaya. Hakuamka siku moja akasema anataka kuwa mwandishi. Alianza na maneno mafupi ya asubuhi kwenye stetasi, mistari mitatu minne hivi, ya kuwatia moyo mabinti waliochoka kuulizwa "unaolewa lini". Watu wakawa wanayapiga picha na kutumiana. Kuna mtu akamwandikia, "Mtumishi, hivi vitu weka kwenye kitabu." Akaja wa pili, wa tatu, wa ishirini. Akaandika miezi minane, kwenye simu, kati ya mteja wa kutoa na mteja wa kuweka.

Muswada ulipoisha akampelekea Mchungaji wake. Hapo hakukosea, mwandishi wa mambo ya imani anahitaji mtu wa kumwambia "hapa mafundisho yamepinda". Mchungaji alifurahi kweli. Akaahidi kuandika dibaji, na akatamka neno ambalo litarudi mara nyingi kwenye stori hii: "Binti yangu, hii ni huduma."

Neno huduma halina ubaya wowote. Ila likishatajwa mezani, anayeuliza bei anaonekana hana roho. Anayeuliza "tuandikiane?" anaonekana hamwamini mtumishi wa Mungu. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza kitu, na kuanzia hapo kila mtu alikuwa anaelewa mambo kivyake.

Haya, tuanze na hela. Kitabu kilikuwa cha ukubwa wa A5, kurasa 128. Hiyo 128 haikutoka mbinguni. Wachapaji wanaotumia mashine kubwa huwa wanapanga kurasa kwa mafungu, mara nyingi ya 16, kwa hiyo 128 ni mafungu manane kamili. Ukija na kurasa 131 unalipia karatasi ambazo zitakaa tupu huko nyuma, na mchapaji hakwambii mpaka umuulize. Huyu dada aliambiwa na kijana wa mashine pale Kariakoo, akapunguza maneno mpaka yakaenea. Karatasi gramu 80, jalada gumu kidogo la kung'aa, kubandikwa kwa gundi. Bei 4,200 kwa nakala ukichapa 1,000. Kwa nakala 200 aliambiwa 7,500 kila moja, na hesabu hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Mtu anaona 7,500 ni ghali na 4,200 ni nafuu, anasahau kwamba 200 mara 7,500 ni milioni moja na nusu, wakati 1,000 mara 4,200 ni milioni nne na laki mbili. Nafuu ya nakala moja si nafuu ya mfuko wako.

Kikoba kikampa milioni 3, riba asilimia 10, miezi sita. Nyingine akaba yake aliyokuwa anaweka kwa ajili ya kiwanja. Mhariri hakulipwa kwa sababu mhariri hakuwepo. Kuna rafiki wa kwaya "alipitia". Rafiki wa kwaya alipitia kweli, akaweka emoji za mikono ya maombi kila baada ya sura, na neno "subira" likatoka limeandikwa "subra" kwenye sura nzima ya tatu. Ukiwa na laki tatu ya ziada na hujui uipeleke wapi kati ya video ya uzinduzi na mhariri, mpe mhariri. Video watu wataangalia siku mbili. "Subra" inakaa kabatini kwa mtu miaka kumi.

Jalada nalo lina stori yake. Msanifu alileta mfano mzuri tu, binti ameshika kikombe cha chai dirishani. Kamati ya uzinduzi ikasema picha ya Mchungaji haionekani. Ikawekwa. Ikasemwa ni ndogo. Ikakuzwa. Kitabu kilipotoka, ukikitazama haraka unadhani mwandishi ni Mchungaji na yule binti wa chai ni muumini wake. Mistari ya namba na vijifito pale nyuma, ile ISBN, msanifu aliinyofoa kwenye intaneti "ili kionekane cha kimataifa". Duka moja la vitabu mjini lilipoiingiza kwenye kompyuta ikaleta kitabu kingine kabisa, cha mtu mwingine, nchi nyingine. Wakamrudishia nakala zake kwa heshima zote.

ISBN kwa Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, wale wa Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ni namba ya tarakimu 13, unaiomba kabla ya kuchapa, na kila toleo lina yake. Na watu waache kuchanganya: ISBN ni kama namba ya usajili ya gari, inatambulisha kitabu. Hailindi hakimiliki. Hakimiliki yako inaanza pale unapoandika, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na inakaa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kujisajili COSOTA kunakupa karatasi ya kuonyesha siku mtu akisema kazi ni yake. Huyu dada hakufanya hata kimoja. Alifunga siku tatu.

Kufunga ni jambo jema, hakuna anayelipinga. Lakini dirisha la maktaba lilikuwa wazi siku zote hizo tatu.

Sasa uzinduzi. Watu walijaa mpaka nje, nakala 212 zikauzwa kwa 10,000. Milioni mbili na elfu 120 mkononi, deni lingepungua nusu na zaidi siku hiyo hiyo. Mchungaji akapanda, akaombea kitabu, akaombea mwandishi, halafu kwa furaha ile ile akatangaza kwamba binti yetu, kwa moyo wake wa utoaji, mapato ya leo ameyaelekeza kwenye paa la jengo jipya. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Vinanda vikaingia. Yule dada alikuwa amesimama pale mbele na shada la maua, macho ya watu wote yako kwake.

Alisema amina.

Unaweza kumlaumu ukiwa kitandani na simu yako. Simama pale mbele kwanza. Na tuwe wakweli, Mchungaji hakuwa anaiba. Hela zilikwenda kwenye mabati na mabati yapo, yanaonekana. Yeye alielewa kwamba binti ametoa. Binti alielewa kwamba kanisa limesaidia kuandaa shughuli. Hakuna aliyekuwa mwongo, na bado mtu mmoja ndiye aliyebaki na deni. Karatasi moja tu ingetosha, yenye mistari mitano: nani amelipia uchapaji, nani mwenye nakala, mapato ya siku ya uzinduzi yanagawanywaje, nakala za bure ni ngapi, na kitabu kikichapwa tena nani anaamua. Isainiwe wiki mbili kabla, watu wakiwa hawajachangamka.

Nakala za bure nazo zilikuwa balaa. Mia moja na arobaini zilikwenda kwa "watumishi". Wageni wa meza kuu, wazee wa kanisa, marafiki wa wazee wa kanisa, dereva wa mgeni rasmi. Kila mmoja alisema Mungu akubariki, na hakuna hata mmoja aliyeposti. Ukiamua kutoa bure, toa kwa mtu atakayekisoma na kukisema. Mwalimu wa kikundi cha mabinti anaweza kukuletea wanunuzi kumi. Dereva wa mgeni rasmi, kwa heshima zake, hapana.

Nakala 300 zikaenda matawini kwa mali kauli. Mali kauli ndiyo biashara ya vitabu vya dini ilivyo hapa kwetu, meza nje ya mlango wa kanisa, mama mmoja na boksi la biskuti la kuwekea chenji. Si mbaya. Lakini mali kauli bila daftari ni zawadi. Baada ya miezi mitatu matawi yalirudisha hela ya nakala 94, na nakala 60 zilizokula vumbi. Nyingine 146 hakuna anayejua. Tawi moja lilisema mwenye ufunguo wa kabati amehamia Mwanza.

Na hapo hapo kitabu kikatembea bure. Timu ya habari ya kanisa iliomba faili ili itengeneze matangazo, akawapa PDF nzima, safi, ile ile ya kupeleka kwa mchapaji. Baada ya wiki mbili ilikuwa kwenye magrupu ya WhatsApp na ujumbe juu yake: "Kwa wapendwa wasio na uwezo wa kununua, barikiwa." Aliyeitupia alikuwa na nia njema, inasemekana hata alimtumia mwandishi mwenyewe, akijua atafurahi. Mtu wa matangazo anahitaji picha ya jalada na kurasa tatu. Kitabu kizima kibaki kwako na kwa mchapaji, na mchapaji umwambie akifute akimaliza.

Kuna mtu alimfariji kwa stori ya Mkanada, William P. Young, yule wa *The Shack*. Stori ni ya kweli: aliandika kwa ajili ya watoto wake, akatoa nakala 15 tu za kugawa, wachapishaji wakamkatalia, marafiki wawili wakaanzisha kampuni ndogo kwa ajili ya kitabu hicho na mwaka 2007 kikatoka. Kiliuza mamilioni, mwaka 2017 kikawa filamu. Makanisani stori inaishia hapo kila mara. Kipande ambacho huwa hakisimuliwi ni kwamba baada ya miaka michache tu yeye na wale marafiki walikuwa mahakamani wakigombania mapato. Walokole watatu, marafiki wa kweli, waliokuwa wameomba pamoja.

Lakini yote haya, mabati, matawi, PDF, ni hela tu, na hela huwa inatafutwa. Kilichomwangusha huyu dada ni sura ya sita.

Sura ya sita ilikuwa na ushuhuda. Ndiyo iliyopendwa kuliko zote, na ndiyo iliyosomwa kwa sauti siku ya uzinduzi. Inahusu mwanamke aliyepoteza mimba mbili, na ya tatu hakuipoteza, aliitoa, kwa sababu alikuwa amechoka kuzika. Mumewe hakuwahi kujua. Akaja akapata watoto mapacha na akamshukuru Mungu. Jina kwenye kitabu lilibadilishwa. Vingine vyote vikabaki: mshona nguo, anakaa Kimara, mapacha, mume dereva wa lori la kwenda Zambia.

Kanisa lile lina washona nguo wangapi wa Kimara wenye mapacha?

Jumapili mbili zilitosha. Wa kwanza kumtambua walikuwa wanakwaya wenzake, maana yeye ndiye aliyeshona zile sare mpya za uzinduzi. Halafu wakwe. Mjukuu wa shule ya sekondari alimsomea bibi yake kitabu jioni, kwa nia ya kumbariki, na bibi alipofika katikati ya sura ya sita akamwambia arudie ule ukurasa.

Dada wa Tabata alimfuata Kimara siku ya Jumanne. Alimkuta barazani kwenye cherehani, na hakuinuka. Alimwacha amalize kuomba msamaha, maneno yote marefu, ndipo akasema, "Mdogo wangu, mimi nilikuambia tukiwa tumepiga magoti. Sikukuambia uandike." Akaendelea kukanyaga cherehani. Baadaye kidogo akaongeza kwamba mume yuko safari, anarudi Ijumaa, na hajui kama ameshapigiwa simu.

Alikuwa ameshapigiwa. Hayo ya ndani ya nyumba yabaki ndani ya nyumba.

Hapa ndipo kuna kitu ambacho waandishi wa vitabu vya imani wanakikwepa. Kazi hii inaishi kwa ushuhuda. Bila stori za watu, kitabu cha kutia moyo kinakuwa mahubiri yaliyopigwa chapa. Na stori hizo unazipata wapi? Kwenye maombi, kwenye kesha, kwenye simu ya saa sita usiku. Mtu anakupa akiwa analia, anampa Mungu na wewe umekaa pale kama shahidi. Ukiichukua ukaiweka kitabuni umechukua kitu ambacho hakuwa anakupa wewe. Mama Mchungaji alipoletewa suala hili alijibu kwa upole, "Mwanangu, ushuhuda ni wa Bwana." Mama mzazi wa yule dada, ambaye hajasoma sana na hana cheo kanisani, alisikia jibu hilo jikoni akasema, "Ushuhuda wa Bwana, lakini aibu ni ya mtoto wa mwenzio."

Kubadilisha jina peke yake ni kujidanganya. Badilisha kazi, mtaa, idadi ya watoto, mwaka, halafu mwanzoni mwa kitabu useme wazi kwamba umebadilisha, ili msomaji asidhani unadanganya. Muhimu kuliko hayo, rudi kwa mwenye stori na karatasi zako. Msomee kwa sauti. Mpe kalamu, akate anachotaka, asaini. Akisema hapana, ni hapana, hata kama ndiyo sura nzuri kuliko zote. Na kama ana mume au mama mkwe atakayeumia, hao nao wamo kwenye stori hata kama hawakuombwa.

Sasa hesabu ya yule dada ilikuwa hivi. Nyumbani zilibaki nakala 348, na zile 60 zilizorudi matawini zinakuwa 408. Kikoba kinadai milioni 3 na laki 3, muda umebaki miezi mitatu. Nakala zile 408 ndiyo hela pekee aliyonayo. Ndani ya kila moja kuna sura ya sita. Watu wengi walimshauri auze tu, kwa sababu maji yameshamwagika na PDF iko kila mahali. Wengine walisema kesi yenyewe itaongeza mauzo, na kwa ukatili wa mtandao walikuwa sahihi, maana watu wasiowahi kusoma kitabu cha dini walianza kuuliza kinapatikana wapi.

Hakuuza. Siku tatu hakuuza hata kimoja, na wateja walikuwepo.

Akarudi Kariakoo kwa yule kijana wa mashine na swali la kishamba: ukurasa unaweza kutolewa kwenye kitabu kilichobandikwa gundi? Kijana akapima, akasema sura ya sita imo yote ndani ya fungu moja, kurasa 65 hadi 80. Unaweza kung'oa jalada, kukata lile fungu, kupachika kurasa mpya, kupiga gundi upya, kuweka jalada jipya na kupunguza kingo. Kitabu kitakuwa kidogo milimita chache, hakuna atakayeona. Bei 1,500 kila nakala. Jumla 612,000, na kikoba kinasubiri.

Akauza friji yake. Mpaka leo anasema kitu cha kwanza alichowaza ilikuwa samaki wa mama yake.

Sura mpya ya sita aliandika kwa usiku mbili, ikawa inahusu yeye mwenyewe, mambo aliyokuwa ameyaruka kwenye kitabu cha kwanza kwa sababu yanamhusu. Kabla ya kuipeleka kwa mchapaji aliipeleka Kimara. Mshona nguo aliisoma yote, kimya, kisha akaomba kalamu na kukata sentensi moja. Sentensi yenyewe ilisema kwamba kuna "dada mmoja alinifundisha". Akasema, "Na hapo pia nitoe." Ikatolewa.

Kwa kuwa jalada lilikuwa linabadilika, mengine nayo yakabadilika. ISBN ya kweli ikaombwa. "Subra" ikabaki, kwa bahati mbaya, ilikuwa fungu lingine. Binti wa chai akarudi mbele na Mchungaji akahamia nyuma, picha ya ukubwa wa stempu, na dibaji yake ikabaki kama ilivyo kwa sababu ilikuwa nzuri. Kwenye lile fungu jipya alifuta pia mistari ya wimbo wa msanii mmoja wa injili aliyokuwa ameiweka bila ruhusa. Wimbo wa kuabudu una mwenyewe kama wimbo wowote, na kutaja jina la mwimbaji si kuomba ruhusa.

Hata Biblia, jamani. Tafsiri zina wenyewe. Fungua kurasa za mwanzo kabisa za Biblia yako utaona nani mwenye haki, taja tafsiri uliyotumia, na kama umenukuu sana waandikie chama cha Biblia uombe ruhusa. Wanaoandika kwa Kiingereza na kutumia NIV wana mpaka uliowekwa wazi: mistari 500 bila kuomba ruhusa, mradi haikamilishi kitabu kizima cha Biblia na haifiki robo ya maandishi yako. Wengi wanadhani Neno la Mungu halina karatasi.

Kati ya nakala 408, ishirini ziliharibika mashineni. Zikabaki 388. Safari hii aliuza mwenyewe, 12,000 pamoja na kupelekewa na bodaboda ukiwa Dar, hela kwanza. Kila asubuhi maneno yake mafupi kama zamani, na kila Ijumaa picha ya ukurasa mmoja. Hakuweka meza kanisani. Wanunuzi wengi hawakuwa hata wa kanisa lake, walikuwa wale wale wa stetasi waliomwambia aandike kitabu. Walikuwepo tangu mwanzo na hakuna aliyewafikiria, watu wote walikuwa bize na keki. Miezi mitatu, nakala 170. Ukijumlisha na ile laki tisa na elfu 40 ya matawi, kikoba kililipwa sehemu kubwa, kilichobaki akakatwa kidogo kidogo kwenye mapato ya kibanda, na faini ya kuchelewa juu yake. Kibanda hakuwahi kukiacha, ingawa siku ya uzinduzi kuna mtumishi alimtabiria kwamba hiyo kazi ya mwisho. Anayekutabiria uache kazi muulize atakulipia kodi miezi mingapi.

Katikati ya hayo ikamjia barua pepe kutoka Marekani. Kampuni ya uchapishaji ya Kikristo "imeguswa sana" na kitabu chake, inataka kukipeleka dunia nzima, yeye achangie dola 1,200 tu. Kitabu ni cha Kiswahili, na barua ilikuwa inakisifia kwa Kiingereza kizuri bila kutaja hata sura moja. Mchapishaji anayekutaka kweli anaweka hela yake kwenye kitabu chako na kukupa asilimia yako. Anayekutaka ulipe anakuuzia huduma ya uchapaji, jambo ambalo si dhambi, ila linganisha bei yake na ya Kariakoo kabla hujalia machozi ya furaha. Hakujibu.

Mshona nguo wa Kimara alipelekewa nakala ya kwanza ya toleo jipya. Aliipokea. Ndoa ipo, mume amerudi safari za Zambia, mapacha wameanza chekechea. Aliulizwa kama atarudi kanisani akasema anasali kwingine sasa, na kwamba huko hajamwambia mtu chochote.

Kitabu cha pili kimeshaandikwa. Ni kuhusu hela na imani, mada anayoijua vizuri kuliko anavyotaka. Safari hii mhariri alilipwa kwanza, kabla ya mtu yeyote kuona jalada. Nakala moja ya muswada imekwenda Dodoma, Central Tanganyika Press, kusubiri jibu kama watu wengine. Nyingine ipo kwa Mchungaji, pamoja na karatasi moja yenye mistari mitano na sehemu mbili za kusaini. Mchungaji aliisoma, akacheka kidogo, akaikunja vizuri na kuiweka ndani ya Biblia yake. Akasema aachiwe aiombee.

Ni mwezi wa pili sasa. Anaiombea.